Jina la Winga wa Kushoto

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja hivi, siku nilipotamka jina lililokatazwa nyumbani kwetu, na kabla sijafunga mdomo radi ikapiga uwanjani. Kwa miaka mingi niliamini hivyo, kwa mpangilio huohuo: kwanza jina, kisha radi.

Kwetu ni Ihanda, katikati ya mashamba ya kahawa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka lililotazamana na uwanja wa mpira. Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kuingia kwa marobota kutokea Tunduma, na kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza suruali za watu wanene wa nchi za mbali ziwaenee wakulima wembamba wa Mbozi. Huku akipunguza, anabishana. Kila Jumamosi baraza ile ilijaa wanaume, na hoja ilikuwa moja tu: timu ipi ilikuwa bora kuliko zote zilizowahi kucheza upande wetu.

Baba alikuwa kipa wa Jembe, timu ya Ihanda ya ujana wake. Mpinzani wake barazani alikuwa Fundi Sambwe wa Mlowo, aliyewahi kuwa beki wa kulia wa timu yao iliyoitwa Lami, kwa kuwa Mlowo iko barabarani na walipenda tusisahau hilo. Fundi Sambwe alitengeneza redio. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli, na sanduku la mbao limefungwa nyuma kwa mpira, akakaa hapo mpaka jioni akichokonoa redio za watu huku akimchokonoa baba.

"Jembe ilikuwa timu ya msimu," alikuwa akisema. "Kahawa ikiiva, wachezaji wote wako shambani."

"Na Lami ilikuwa timu ya wapita njia," baba anajibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Dereva wa lori akilala Mlowo usiku mmoja, kesho yake ni mshambuliaji wenu."

Timu ya Tunduma haikuhesabiwa kabisa. Wazee walidai kwamba nusu ya wachezaji wake walivuka mpaka asubuhi ya mechi na kurudi kwao jioni, na hakuna aliyejua majina yao ya kweli. Katika hilo Ihanda na Mlowo walikuwa kitu kimoja.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike pekee aliyeruhusiwa pale, kwa sababu ya kumbukumbu yangu. Kama wenzangu walivyofundishwa mistari ya Biblia, baba alinifundisha kikosi cha Jembe, kuanzia kipa, namba moja, mpaka namba kumi. Namba kumi na moja haikuwa na jina. Baba alisema tu, "Na winga wetu wa kushoto," kisha anakanyaga cherehani kwa nguvu, na baraza yote inatazama chini.

Winga huyo alikuwa baba yangu mdogo, Ezekia, mtoto wa mwisho wa bibi. Alikufa kabla sijazaliwa, kwenye mechi ya Jembe na Lami, karibu na kona ya kushoto, mpira ukiwa mguuni kwake. Radi ilimkuta pale hata mvua haijaanza kunyesha. Fundi Sambwe ndiye aliyekuwa akimkaba. Alianguka naye, ila yeye akainuka. Kuinuka huko kulizaa maneno. Huko Ihanda ilisemwa kwamba Lami walikuwa wameshindwa kumzuia Ezekia kwa miguu, wakaenda kumtafutia mtu wa kumzuia kwa njia nyingine. Timu hizo mbili hazikukutana tena. Baba hakuwahi kusema neno hilo mbele yangu, na kule kukaa kwa Fundi Sambwe barazani kwake kila wiki kulinifanya nidhani haliamini.

Nyumbani, bibi alikuwa na sheria zake za mvua. Wingu likijikusanya, kioo kinafunikwa, hakuna kuvaa nyekundu, hakuna kusimama mlangoni, miguu juu ya vigoda. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya jina.

"Jina la mtu aliyechukuliwa na radi halitamkwi," aliniambia kwa Kinyiha, akinishika kidevu nimtazame. "Radi ikilisikia hudhani inaitwa."

Sikuwa mtoto wa kutii kila kitu, lakini hilo nililitii. Usiku wa mvua nilibana midomo kwa vidole nikiogopa jina lisije likanitoka usingizini.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Tangu saa nane mchana wingu lilikuwa limesimama juu ya uwanja bila kushuka, na hewa ilikuwa nzito. Wavulana walikuwa wakicheza mpira, kaka yangu Yotamu akiwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka kumi na minne. Barazani ubishi ulikuwa umechacha kuliko kawaida. Fundi Sambwe aliweka bisibisi chini.

"Timu bora hukumbukwa yote," alisema. "Mimi nawatajia Lami kumi na moja sasa hivi." Akawataja kwa mfululizo bila kukwama. "Haya, nitajieni wenu."

Baba akaniita. Nilisimama, mikono nyuma kama shuleni, nikaanza. Fundi Sambwe alinihesabia kwa vidole. Nilipofika mwisho vidole vyote vilikuwa vimeinuka.

"Kumi," alisema taratibu. "Jembe ilikuwa ya watu kumi?"

Leo, nikiuleta uso wake mbele yangu, sioni kejeli. Nadhani alitaka mtu wa Ihanda alitamke jina lile mbele yake, walau mara moja. Lakini wakati ule niliona tu kwamba tunashindwa, na kwamba ninayeshindwa ni mimi.

"Inatosha, Eliza," baba alisema.

"Ezekia," nikasema. "Kumi na moja ni Ezekia."

Kila kitu kikawa cheupe. Sauti ilikuja papo hapo, si kama ngurumo bali kama ubao mkubwa uliopasuliwa sikioni mwangu. Nilijikuta nimekaa chini. Kwenye kona ya kushoto ya uwanja, mkaratusi uliosimama hapo ulikuwa umechanika toka juu mpaka chini na unatoa moshi, na hatua chache kutoka hapo, pale mpira ulipokuwa umetoka nje, Yotamu alikuwa amelala kifudifudi.

Mtu wa kwanza kukimbia alikuwa Fundi Sambwe. Baba alibaki ameshika gurudumu la cherehani kama vile likiachiwa kitu kitaanguka. Fundi alimbeba Yotamu mikononi akaja naye mbio, mvua ikianza kumwagika, akamlaza mapajani kwa baba. Shati lilikuwa limechanika mgongoni. Damu kidogo ilitoka sikioni. Macho yalikuwa yamefungwa.

Katika kukurukakara hiyo sanduku la Fundi Sambwe lilikuwa limepigwa teke. Vitu vilimwagika sakafuni: nyaya za shaba zilizoviringwa, betri, sumaku ya spika. Mwanaume mmoja, jirani yetu, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, akainama akaokota zile nyaya.

"Tazameni anachotembea nacho," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini watu waliokuwa wanamtazama Yotamu wakageuka.

"Mwaka ule ulikuwa karibu na Ezekia," mwingine akasema. "Leo umetaka atajwe, na umekuja karibu na huyu."

"Mnanijua," Fundi Sambwe alisema. "Hizi ni nyaya za redio. Redio zenu zote zimepita mikononi mwangu."

"Ndiyo. Zimepita mikononi mwako."

Watu walizidi kufika kutoka mashambani, wengine na majembe begani kwa sababu ndiko walikokuwa. Mtu mmoja aliisogeza baiskeli ya Fundi Sambwe mbali naye. Fundi akamtazama baba. Baba alikuwa amemwinamia Yotamu na hakuinua kichwa.

Nilijua ni mimi. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Neno moja tu lilitakiwa linitoke, nalo lilikuwa limekwama, maana niliona ile mipini ya majembe na nikafikiri kwamba nikisema, itageukia upande wangu. Nikateleza kati ya miguu ya watu nikakimbia nyumbani.

Njia ya nyumbani ilipita katikati ya kahawa. Sijawahi tena kuogopa vile. Kila mmuliko wa umeme ulinionyesha majani yote kwa pamoja, yameng'aa, halafu giza la mvua linarudi, na mimi nahesabu nikingoja. Niliamini radi imeshajua sauti yangu na inanitafuta kwa kuisikiliza, hivyo nikajizuia hata kulia. Nilijikwaa, nikapoteza kiatu, sikukirudia.

Bibi alikuwa jikoni. Niliangukia magoti yake.

"Nimelitaja," nikamwambia. "Nimemtaja Ezekia na nimemuua Yotamu, na sasa wanataka kumpiga Fundi Sambwe."

Hakuniuliza mara ya pili. Alivuta kanga iliyokuwa karibu akajitanda, nayo ilikuwa nyekundu, akanishika mkono tukatoka kwenye mvua ileile aliyotukataza. Alikuwa mzee, lakini nilikuwa nakimbia ili nilingane na hatua zake.

Tulipofika, Fundi Sambwe alikuwa amesukumwa mpaka ukutani, na mdomo wake ulikuwa umevimba. Watu walimpisha bibi. Alikwenda kwanza kwa Yotamu, akaweka kiganja puani kwake, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasimama.

"Nani ameleta radi?" aliuliza.

Wakamnyooshea kidole Fundi Sambwe.

"Mjukuu wangu huyu anasema ameileta yeye," bibi alisema, akinivuta mbele. "Kwa sababu amemtaja Ezekia."

Macho yote yalinijia. Mkojo ulinitoka, nikashukuru kwamba nimeloa mwili mzima.

"Basi mnikamate mimi kwanza," bibi akaendelea. "Huyu amemtaja mara moja. Mimi namtaja kila asubuhi nikiwasha moto, na kila usiku nikilala, masika na kiangazi, tangu siku nilipomzika. Kama jina la mwanangu lingekuwa linaita radi, Ihanda isingekuwa na nyumba iliyosimama."

Mvua ilipiga mabati.

"Nilikataza jina lile kwa sababu sikutaka kulisikia kwenye kelele za mpira wenu," alisema, na hapo sauti yake ikapungua. "Hakuna kingine. Mtoto anapumua. Sambwe, lete baiskeli yako apelekwe zahanati."

Jirani yetu aliziweka zile nyaya chini, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Fundi Sambwe alipita katikati yao, akachukua baiskeli yake, akampandisha Yotamu, baba akimshikilia ubavuni. Wakaondoka hivyo kwenye matope, mmoja akisukuma, mwingine akishikilia, na sikuwasikia wakisemezana.

Yotamu alizinduka usiku ule zahanati. Sikio la kulia halikupona. Leo anaishi Tunduma, ni wakala wa malori mpakani, na ukikaa naye atakugeuzia shingo ili akusikie kwa sikio la kushoto. Yeye husimulia siku ile akicheka. Hakumbuki chochote isipokuwa mpira kutoka nje.

Fundi Sambwe hakurudi tena Ihanda. Baada ya wiki mbili tatu baba alikusanya bisibisi na nyaya zote, akalipanga lile sanduku, akalibeba mpaka Mlowo. Alirudi jioni akasema tu kwamba wamesalimiana. Barazani watu waliendelea kukaa, lakini walizungumza mbolea na bei za kahawa. Redio zilizoharibika zilibaki zimeharibika. Bibi hakufunika tena kioo mvua ikija, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nikiwa mtu mzima, tayari mama wa watoto wawili, nilimuuliza baba kwa nini hakumtetea rafiki yake. Alikuwa ameshaacha kushona, macho hayaoni sindano.

"Mwanzoni nilikuwa nangoja kuona kama mtoto anapumua," alisema. "Halafu niliona anapumua. Na bado sikusema. Kwa muda ule, Eliza, niliwaza pengine ni kweli."

Sikumlaumu, kwa sababu nami nina la kwangu ambalo sikuwahi kumwambia yeye wala bibi. Mwalimu wetu wa Jumapili alipoziokota zile nyaya, na watu wakamgeukia Fundi Sambwe, hofu yangu ilishuka. Mtu aliyenihesabia majina kwa vidole vyake alikuwa anazingirwa mbele yangu, nami nilikuwa nimepata nafuu, kwamba si mimi. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, kisha nikakimbilia nyumbani kwa bibi, na watu husema mbio zile ndizo zilizomwokoa. Mimi nakumbuka ile nafuu. Nimekwisha acha kuogopa ngurumo. Ninachokiogopa ni jinsi nilivyojisikia vizuri pale barazani, kabla sijaanza kukimbia.