Majina Kufuata Mto

Shule niliachia darasa la pili, nikarudi shambani kufukuza nyani na ndege kwenye mpunga. Lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Kwenye matanga kijijini kwetu mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kuwataja waliotangulia, kama alivyofanya nyanya yangu. Sikuwa na ujanja wowote. Nilifumba macho tu, nikatembea kwa mawazo ukingoni mwa mto, toka nyumba ya juu kabisa hadi ya mwisho kule chini, na kila mlango nikawataja wa mle: mzee, mkewe, watoto waliozikwa wadogo. Watu walikuwa wakilia. Wakasema nimezaliwa na kipawa, nami nikaamini.

Kisha mafuriko yakala ukingo na kijiji chote, tukahamia huku juu karibu na Garsen. Tuliobaki tunaojua mlango upi ulifuata upi ni mimi na dada yangu mkubwa tu. Nikaingiwa na hofu: nikifa, watu wale wote nitaondoka nao. Ndipo nikaenda darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yakinigusa kidevu.

"Mwanafunzi huyoo!" dada alinitania kila nikipita na daftari. "Ukichapwa usije kulia kwangu."

Mwaka ukaisha, nikawa nimeyaandika majina yote, mlango kwa mlango kufuata mto. Mwalimu wetu, binti wa rika la wajukuu wangu, aliyasoma akatikisa kichwa.

"Nyanya, kipawa unacho. Lakini hapa mtu akitafuta jina halipati. Kuandika kuna utaratibu wake."

Akanionyesha kuyapanga kwa herufi, A peke yake, B peke yake, hadi mwisho. Nikaona hiyo ndiyo elimu yenyewe niliyoikosa. Nikanakili upya, kurasa kumi na moja. Zile za kwanza, zilizofutwafutwa, niliwashia moto wa chai. Kila jioni nilisoma orodha mpya kwa sauti, kidole kikifuata, hadi ikaniganda kichwani. Nilijivuna, sikatai.

Kiangazi hiki dada yangu akafariki. Siku ya tatu ya matanga wakaniita. Nikasimama, nikafumba macho niende ukingoni. Nyumba ya kwanza niliiona. Ya pili nikaiona. Ya tatu, mdomo ukamtaja mtu wa nyumba nyingine kabisa, kwa kuwa kwenye orodha jina lake lilifuata lile nililotoka kulitaja. Nikarudi mwanzo. Ikawa vile vile.

"Mama mdogo, soma tu daftari," akasema binti wa marehemu kwa upole, akanipa miwani.

Nikasoma. Sikuacha hata jina moja. Lakini mke alikuwa ukurasa wa pili na mumewe wa tisa, na mtoto mchanga nikamlaza karibu na mzee aliyegombana na ukoo wake maisha yote. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja kule nyuma akanong'ona, "Hii ni kama kuitwa kwenye chakula cha msaada." Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakainamisha vichwa kwa kunionea aibu.

Simlaumu mwalimu. Alinifunza alichofunzwa, na mimi sikumwambia majina yale ni ya kazi gani. Nilidhani kipawa changu kilikuwa kukumbuka. Kilikuwa kule kutembea, na nilikiacha kwa hiari yangu nikitafuta kuonekana nimesoma.

Juzi nilichukua mkasi nikalikata daftari, kila jina na kipande chake, nikavipanga mkekani kufuata mto. Vingi vimepata nyumba. Kumi na vinne vimenibaki mkononi. Majina nayajua, hata sura zao nazijua, mlango ndio siuoni. Wa kumuuliza tumemzika. Nimeviweka chini ya nyumba ya mwisho, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuishi, palikuwa na matete tu.