Uwanja Ulijaa

Mume wangu alipenda mpira kuliko pilau, nami nilimpenda yeye, kwa hiyo kila Jumamosi tulishuka pamoja kutoka kwetu kilimani Lubaga kwenda uwanjani. Miaka ile ya utawala wa jeshi watu walikuwa wanaogopa mikusanyiko. Majukwaa yalikuwa matupu, ungeweza kuanika kanga. Jioni redio ilikuwa ikitangaza kwamba uwanja ulifurika, maelfu kwa maelfu, nchi ina raha.

"Basi leo mimi na wewe ni watu mia mbili," mume wangu alisema akicheka, "na bado umepika chungu kimoja!"

Jumamosi ya mwisho, wakati wa mapumziko, alikwenda jukwaa la pili kutununulia gonja, ndizi za kuchoma. Kati yetu hapakuwa na mtu, nilimwona vizuri. Wanaume wawili wenye mashati ya maua, yale ya wapelelezi wa serikali, wakasimama ubavuni mwake. Aliziweka gonja zetu kwenye ngazi, taratibu, akafuatana nao hadi langoni. Hakugeuka kunitazama. Nilielewa kwa nini, na mpaka leo inaniuma.

Mimi na mama mkwe tulimtafuta hospitalini Mulago, wodi kwa wodi, kisha tukaenda polisi.

"Watu ilikuwa mingi sana, mama," askari alisema. "Bwana yako napotea tu ndani ya watu."

"Afande, hapakuwa na watu. Nimewaona waliomchukua."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha.

"Redio ilisema uwanja ilijaa. Wewe nasema redio iko nadanganya?"

Mama mkwe alinifinya paja.

"Ulijaa, afande," nikasema.

Mimi nilisema kwa hofu, mama mkwe akaamini. Mfa maji hukamata maji. Nyumbani nilijaribu kumweleza kwamba majukwaa yalikuwa matupu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchukua mwanawe. Sikurudia.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila redio ilipotangaza mpira aliacha alichokuwa akifanya, akasogeza kiti.

"Watu wote wale, mwanangu," aliniambia. "Hakosekani mmoja aliyewajua wale wanaume."

"Hakosekani, mama," nikamjibu.