Mudomo ya Numbi mu Mechi ya Luena

Mu kamp ya bantu ba treni, hapa Kamina, kila mutu aliyua Numbi Florent. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mawagoni ku gare. Siku ya Mungu, kisha misa, anavaa jezi ya ekipe yetu na anasimama nyuma, karibu na kipa. Hakuwa na mbio, na goti yake moya ilikuwa inavimba. Kile alikuwa nacho ni mudomo.

Usifikiri ni matusi ya bule. Numbi anangoyea mwenzake ainue muguu apige, njo anatupa neno, na sauti ya mutu anayesalimia jirani. Mwana mumoja mulefu wa ekipe ya Kaniama alimuuliza: "Ile miguu uliazima, mwenyewe atakuya kuikamata saa ngapi?" Ule mwana akapiga mupira mpaka mu mashamba ya mihogo.

Minyi sikuona mutu wa kumujibu, isipokuwa Kitwa Isaïe, mutumikaji wa mungoti, kule banachimba makala ku Luena. Na Kitwa alikuwa mutani wake. Jamaa zabo mbili, tangu bankambo, banatukanana na hakuna wa kukasirika. Mumoja akifiwa, mwingine njo anamusaidia kuzika. Ekipe ya Luena ikishuka ku gare, Numbi iko pale.

"Kitwa, ulikuya mu wagoni ya bantu ao ya makala? Naona habakukunawisha."

"Yaya Numbi, mukubwa wangu, goti yako inalia sawa freni ya wagoni. Itakufikisha wapi na ile?"

"Pale utaangukia."

Bamama banaacha sufuria ya bukari ku moto juu ya kusikia bale babili.

Mwaka 1953, asubui ya mechi na Luena, Amédée, mukubwa wa ekipe, alimwambia Numbi wazi: "Kitwa akikupita leo, jezi nitapatia kijana." Numbi aliitika. Ile jezi alikuwa anaifua yeye mwenyewe, bibi yake Lucienne hakuruhusiwa kuigusa.

Lakini siku ile Kitwa alishuka na kichwa ya kunyoa. Baba yake alikufa ile wiki. Numbi akamupa mukono, akasema pole, akanyamaza. Mechi ikaanza, anazidi kunyamaza. Bantu pembeni bakamuuliza kama sauti ilibakia ku depo.

Amédée akamuita ku mustari: "Sema naye, Florent. Atakupita."

"Iko mu kilio," Numbi akajibu.

Kitwa akamupita ku kushoto, akatia goli. Hakurusha mikono, hakucheka. Akarudia na kichwa chini sawa mutu anatafuta kitu yenye kuanguka.

Saa ya kupumzika, Kitwa alivuka kiwanja, akasimama mbele ya Numbi.

"Yaya, nilikukosea nini?"

"Hapana kitu. Uko na kilio, ndugu yangu."

"Njo maana. Ku Luena bote banasema na minyi polepole sawa mugonjwa. Nilipanda treni juu nisikie mutani wangu. Na weye unanipa pole sawa mugeni?"

Numbi aliangalia viatu vyake. Kuchekesha mufiwa njo kazi ya mutani, juu asianguke na huzuni. Hata batoto banayua. Yeye alisahau, juu ya heshima.

Mupira ikarudia, na Numbi akafungua mudomo.

"Kitwa, funika ile kichwa. Kipa yetu anafikiri tuko na mipira mbili."

Mabega ya Kitwa ikatikisika.

"Na baba yako alikuwa na akili. Aliona namna unacheza, akasema: afazali nitangulie."

Kitwa alipiga magoti katikati ya kiwanja, anacheka na machozi inashuka. Numbi akamutosha mupira mu miguu pole tu, akaipeleka mbele. Kitwa hakumupita tena.

Lakini goli ilikuwa ilishaingia, na ekipe yetu haikurudisha. Mangaribi Numbi alikunja jezi, akaiweka mu mikono ya Amédée.

"Ungesema tangu mwanzo," Amédée akamuambia.

"Njo vile. Nilikosa," Numbi akasema, "lakini nilikosea Kitwa, haiko weye."

Siku ya Mungu iliyofuata alipanda treni ya Luena. Bale balikuwa naye balituhadisia: aliingia mu nyumba ya kilio, akalala ku kitanda ya marehemu, akafunga macho, akasema yeye njo marehemu, iko na njala, hataamuka bila kuku. Kitwa mwenyewe njo alienda kufukuza kuku, akaikamata.