Juu ya Ishirini

Urbain hajawahi kushutumiwa kwa upole wa kalamu. Kule Uvira, alikofundisha hesabu miaka kumi na minane, wanafunzi walimwita Mwalimu Huruma, na walimwita hivyo kwa kejeli, maana huruma ndiyo kitu pekee ambacho hakuwahi kuingia nacho darasani. Ishirini juu ya ishirini, alikuwa akisema, ni ya Mungu. Kumi na tisa ni ya mwalimu. Mwanafunzi mwenye akili sana aridhike na kumi na nne aende zake nyumbani. Mtoto akipata kumi na mbili juu ya ishirini kutoka kwa Urbain, wazazi walichinja kuku. Tabia hiyo aliirithi. Baba yake naye alikuwa mwalimu, na alimfundisha mwanawe mwenyewe darasa la tano. Urbain alitoka darasa lile na alama mbaya na shingo iliyonyooka, na mpaka leo hajui ipi ilimsaidia zaidi.

Vita vikamtoa Uvira mwaka 2004 na kumtupa Durban. Mwaka 2013, ambao ndio wa kisa hiki, alikuwa ametimiza miaka tisa akilinda magari kwenye maegesho ya chuo kimoja cha binafsi huko Westville, amevaa kizibao cha njano, akiwaonyesha kwa mkono watu wenye diploma ndogo kuliko yake jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Mkewe Henriette alisuka nywele saluni moja ya Point, mtaa waliokaa, chumba kimoja chenye roshani. Binti yao, Laetitia, alikuwa na miaka ishirini na alisoma chuo hichohicho, kwa sababu alikuwa nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa wavu, na chuo kiliwalipia karo wachezaji wake.

Mwaka huo ligi ya vyuo ilileta sheria mpya. Kila mchezaji afanye mtihani mmoja kila mwezi na apate angalau nusu ya alama. Akishindwa, asicheze mwezi huo. Timu ikimchezesha, inanyang'anywa pointi za mechi zote alizocheza. Kocha wa wasichana, Anselmo, mtu wa Mocímboa kule Msumbiji, mwenye Kiswahili chake cha pwani kisichokwaruza, alizunguka chuo kizima akitafuta mwalimu wa kuwasaidia. Akampata kwenye maegesho. Wasichana sita walikuwa wamechutama kati ya magari mawili, na mlinda magari anawaandikia mlinganyo kwa chaki juu ya lami, akiwagombeza kwa Kifaransa.

Basi Urbain akapewa chumba, ubao na ufunguo, Jumanne na Alhamisi alasiri. Kabla ya kuingia alivua kizibao, akakikunja mara nne, akakificha ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akafungua mlango. Ndani ya chumba kile waliitikia wote: ndiyo, Mwalimu. Nakwambia mtu yule alirudi kutembea kama mtu. Henriette mwenyewe alisema mumewe ameacha kukoroma.

Kila mwanzo wa mwezi alitunga mtihani, akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akawarudishia wasichana karatasi zao na kujaza fomu ya ligi. Fomu ilikuwa na safu mbili tu: jina, na alama. Alama juu ya ngapi, fomu haikusema, na Urbain hakuuliza, kwani ni nani duniani asiyejua kwamba alama ni juu ya ishirini? Akaandika kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu. Anselmo akasaini. Ofisi ya michezo ikagonga muhuri. Fomu ya Machi, ya Aprili, mpaka ya Agosti. Na timu ikashinda mpaka ikaingia fainali, ya kuchezwa Jumamosi kule Cato Manor.

Alhamisi ya wiki hiyo, Laetitia akaja maegeshoni mbio, jezi mwilini, begi begani.

"Papa, coach iko nakuita. Iko mama moja wa ligi, amekuja na mafomu yako yote. Uso yake haiko muzuri."

"Nimefanya nini?"

"Eish, Papa, sijui. Toa hii gilet, twende."

Kwa haraka hiyo hakukikunja kizibao. Alikisokota tu na kukishika mkononi.

Ndani ya ofisi ya michezo alikaa Anselmo, ameshika kichwa, na mbele yake mama mwembamba mwenye miwani, Mrs Govender, mkaguzi wa ligi. Aliongea Kiingereza, polepole, kama anayesoma hati ya kifo. Alipanga fomu sita mezani na kuweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Bwana, mchezaji huyu amepata asilimia kumi na mbili. Huyu, kumi na moja. Huyu, kumi na tatu. Miezi sita, timu nzima haina hata mmoja aliyefika asilimia ishirini. Na wote wamecheza."

Urbain akapigwa na butwaa. Asilimia? Aliliangalia lile jedwali lake safi, mwandiko wake wa kulala upande mmoja, na kwa mara ya kwanza akaliona kama mama yule alivyoliona. Akashika kiti. Halafu akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na kueleza mbiombio: madam, si juu ya mia, ni juu ya ishirini, kwetu tunasahihisha juu ya ishirini, kumi na mbili ni asilimia sitini, kwetu hiyo ni sherehe!

Mrs Govender akavua miwani. Akaivaa tena. Akachukua kalamu na kuanza kuzidisha kwa tano.

Hapo ndipo Urbain alipomgeukia kocha, na jambo jingine likamchoma, kubwa kuliko la kwanza.

"Coach. Wewe ulikuwa unadhani ni juu ya mia?"

Anselmo akatazama sakafu. "Nilidhani hivyo, Mwalimu."

"Miezi sita umesaini kwamba wasichana hawa wanapata kumi na mbili juu ya mia, na hukushtuka? Hukuniuliza hata siku moja?"

"Ni wachezaji, Mwalimu," Anselmo alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ndio uwezo wao. Nikaona wewe mwenyewe umeridhika, nikasema basi, labda ligi haisomi."

Jamani! Kocha, karani, mgonga muhuri, wote waliona kumi na mbili juu ya mia na hakuna aliyenyanyua hata nyusi. Laetitia, aliyekuwa amesimama mlangoni kama nahodha, alisikia neno kwa neno. Alishika mkanda wa begi lake kwa mikono miwili.

Mrs Govender alikuwa anaendelea. Sitini. Hamsini na tano. Sitini na tano. Rangi ilianza kumrudia kocha. Kisha kalamu ikasimama. Agosti, nahodha, Laetitia: tisa.

"Tisa mara tano, arobaini na tano. Huyu hakufaulu, na Agosti amecheza mechi tatu. Pointi za mechi tatu zikiondoka, hakuna fainali."

Anselmo aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu, akanong'ona kwa Kiswahili: "Sema mtihani wa Agosti ulikuwa juu ya kumi na tano. Fomu haisemi. Nani atajua?"

Urbain alijiweka sawa. Alikuwa na msemo wake aliokuwa akiwatupia wazazi wa Uvira: mchelea mwana kulia hulia yeye. Alimtazama binti yake usoni, akamtazama mkaguzi, akasema kwa Kiingereza chake kizito, kwa kiburi hasa, "Tisa juu ya ishirini, madam. Sheria ni sheria."

Laetitia akafungua begi. Akatoa faili ya plastiki, na ndani ya faili akachomoa karatasi ya mtihani wa Agosti, imekunjwa vizuri, haina hata doa. Akaiweka juu ya meza.

"Madam, naomba uhesabu," akasema.

Swali la kwanza, nne. La pili, tatu. La tatu, moja. La nne, mbili. Mrs Govender alihesabu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Halafu akaangalia ile tisa kubwa nyekundu iliyozungushiwa duara.

"Bwana, hizi ni kumi. Kumi juu ya ishirini ni nusu kamili. Amefaulu. Pointi moja imekwenda wapi?"

Urbain akaivuta karatasi karibu. Angeweza kusema alikosea kujumlisha. Lakini mwalimu wa hesabu wa miaka kumi na minane akosee kujumlisha nne na tatu na moja na mbili? Afadhali afe.

"Niliikata mimi," akasema.

"Kwa nini?"

"Ni mtoto wangu. Mtoto wa mwalimu anakatwa pointi moja. Baba yangu alinikata. Ili watu wasiseme nampendelea."

"Watu gani?" aliuliza Mrs Govender.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu hakuelewa. Watu hao walikuwa Uvira. Wengine walikwisha kufa. Hapa Westville hakuna aliyejua hata kama Laetitia ni binti yake, isipokuwa wasichana wenyewe, na wao walimwita Mwalimu bila kinyongo.

Mkaguzi alikusanya fomu zake taratibu. Alisema anasikitika, na uso wake ulionyesha kwamba anasikitika kweli. Lakini mwalimu aliyepunguza alama kwa sababu ya damu, yeye atajuaje kwamba hakumwongezea mwingine kwa sababu nyingine? Aliomba karatasi za wachezaji wengine azihesabu. Anselmo alitoka mbio kuwauliza wasichana uwanjani, akarudi mikono mitupu. Walikwisha kuzitupa zote. Aliyekuwa akitunza karatasi zilizosahihishwa na Urbain ni mmoja tu, binti yake.

Basi fomu sita zikafutwa, na kwa kuwa bila fomu hakuna aliyeruhusiwa kucheza, pointi za msimu mzima zikafutwa pia. Hakuna fainali. Karo ingelipwa mpaka Desemba, baada ya hapo ni kuomba upya. Ofisi ya michezo ikamtaka Urbain arudishe ufunguo. Aliuweka mezani, akakuta mkono wake wa pili bado umeshika kizibao, akakivaa palepale mbele yao. Nje, wasichana watano waliovaa jezi walimwangalia akipita, na hakuna aliyemtukana. Angependelea wamtukane.

Jioni, chumbani Point, Henriette alisikiliza habari yote akiwa na kitana mkononi. Laetitia akapanga mezani karatasi zake za miezi yote sita. Henriette aliachia shule darasa la sita, lakini kujumlisha anajua. Alitembeza ncha ya kitana juu ya alama nyekundu, Machi, Aprili, Mei, na kila karatasi aliyomaliza aliisukumia kwa mumewe.

"Yote, Urbain?" akasema. "Kila mwezi? Mtoto amekula njaa ya mazoezi ya volley, akasoma usiku, na wewe unamuibia?"

"Sikuiba. Nilikuwa namjenga."

"Ulijenga nini? Nionyeshe."

Na hapo yule mwalimu asiyechelea mwana kulia akalia yeye, waziwazi, mbele ya mke na mtoto, mabega yanatikisika ndani ya kizibao cha njano alichosahau kukivua.

Laetitia alingoja amalize. Kisha akachukua kalamu nyekundu kutoka mfuko wa shati la baba yake, akaiweka mbele yake.

"Rudisha, Papa."

"Haisaidii kitu sasa, mwanangu. Wamefuta."

"Najua. Lakini ulijua toka Machi kama niko nafaulu vizuri, na mimi sikujua. Nilikuwa nahesabu naona kumi na tatu, halafu naona umeandika kumi na mbili, najiambia labda Papa anaona kosa yenye mimi sioni. Miezi sita nilikuwa natafuta hiyo kosa. Andika."

Akaandika. Alikata kumi na mbili ya Machi akaweka kumi na tatu, akasaini pembeni. Aprili, Mei, Juni, Julai. Mwandiko ulilala upande uleule. Alipofika Agosti alikata tisa, akaandika kumi, akataka kufunika kalamu.

"Na juu ya ngapi?" Laetitia akauliza.

Akaandika: juu ya ishirini.