Mama Pasipoti na Konokono Mwenye Ufa

Aliyembandika jina la Mama Pasipoti hajulikani, lakini lilimkaa kama kiatu cha kushonewa. Kwa miaka kumi na tisa watu wa mtaa walikaa juu ya stuli yake, mbele ya kitambaa cheupe, wakainuliwa kidevu, wakaambiwa wasicheke, kisha wakatoka na nyuso nane ndogo ndani ya bahasha. Mara nyingi nyuso hizo zilikuwa nzuri kuliko ile waliyoingia nayo. Chunusi alizifuta. Weusi wa chini ya macho aliupunguza. Kovu la utotoni lilikwenda na maji.

"Ukitaka kujua ulivyo, nenda kwenye kioo," mdogo wake aliwaambia wateja huku akikata picha kwa mkasi. "Hapa dada anakupa ulivyotaka kuzaliwa."

Kila jioni, kabla ya kufunga, Mama Pasipoti alifuta kadi ya kamera. Ilikuwa sheria ya studio: uso wa mtu haulali dukani. Wateja walimheshimu kwa hilo.

Asubuhi, hata hivyo, ilikuwa yake. Nyuma ya studio, upande wa nyuma wa choo, kulikuwa na tangi lililovuja, na ukuta wa chini yake ulikuwa mbichi mwaka mzima, umeota majani mafupi laini kama manyoya ya kifaranga. Alipiga magoti juu ya gunia, akachomoa lenzi, akaigeuza mbele nyuma na kuibana kwa utepe wa gundi. Hila hiyo aliigundua mwenyewe kwa kubahatisha, na kwa hila hiyo mdudu wa ukubwa wa punje ya mchele alijaa kamera nzima. Kisha alikaa kwenye kompyuta na kuipanga picha juu ya picha, hata kutu ya tangi ikawa mbingu na yale majani yakawa msitu.

"Wenzake wanafuga kuku," mdogo wake alisema. "Huyu anafuga ukuta."

Jumatatu moja aliingia mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye watu wote walimwita Bwana Nyamaza kwa kuwa ndilo neno lililomtoka zaidi. Alitaka picha ya kitambulisho. Alipoinuka kwenye stuli macho yake yakaangukia kompyuta. Konokono alikuwa akipanda mlima wa kijani chini ya mbingu ya kutu, na gamba lake lilikuwa na ufa uliolikata toka juu hadi chini.

"Hii ni nchi gani, mama?"

"Nyuma ya choo chetu."

Bwana Nyamaza hakucheka. Alieleza kwamba chumba kipya cha watoto kina ukuta mtupu wa mita tatu, na kamati ya maktaba inataka kununua bango la milima ya theluji. "Niletee hii kabla ya Ijumaa. Niwaonyeshe kitu cha hapa."

Picha kubwa kuliko zote alizowahi kuuza Mama Pasipoti ilitosha kwenye kiganja. Alipiga moyo konde, akaketi kuitengeneza kwa saizi ya ukuta, na kesho yake akafuatana na mdogo wake kumpelekea mkutubi sampuli.

Bwana Nyamaza aliitazama, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama tena. "Mama, samahani. Huyu siye."

Naye akaona. Ufa ulikuwa umetoweka. Chembe za udongo hazikuwapo. Gamba liling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Hakukumbuka kuvigusa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umefanya kazi uliyozoea kwa miaka kumi na tisa.

"Dada, umempiga pasipoti," mdogo wake alisema waliporudi studio. "Amekosa bahasha tu."

Mama Pasipoti alitafuta ile ya awali. Alikuwa ameihifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, na ya zamani ikafutika. Kadi ya kamera, kwa sheria yake mwenyewe, ilikuwa tupu. Na lile tangi alilolilalamikia kwa mwenye nyumba miaka minne, fundi alikuwa amekuja kuliziba juma hilohilo. Ukuta ulianza kukauka, na konokono hakuonekana hata mmoja.

"Basi wape theluji yao," mdogo wake alisema.

"Chukua ndoo."

Jumatano walimwagia ukuta ndoo sita, wakapata jongoo. Alhamisi walianza kabla jua halijatoka. Kwenye ndoo ya nne, nyuma ya bomba, pembe mbili zikachomoza, kisha gamba, kisha ufa.

"Ni yuleyule?" mdogo mtu aliuliza.

"Akija mwingine mwenye ufa kama huo, nitamwomba radhi."

Alipiga picha arobaini. Kisha, mbele ya kompyuta, alihamisha kipanya upande wa kushoto. Mkono wa kulia aliukalia.

"Dada, umeumia?"

"Huu wa kushoto haujawahi kufuta chunusi ya mtu. Acha ufanye kazi."

Ulifanya kazi kama mtoto anayejifunza kula na kijiko. Mstari wa kutenga mbingu ya kutu na msitu, aliouchora mara tisa, ulitetereka kila mara. Wateja waliambiwa warudi kesho, na mmoja aliyenuna akapewa na mdogo mtu stuli ya kununia. Lakini kila chembe ya udongo ilibaki palepale konokono alipoibeba.

Ijumaa kamati ilisimama mbele ya picha mbili, ya konokono na ya theluji. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini gamba lisirekebishwe kidogo.

"Linaweza kurekebishwa," Mama Pasipoti alijibu. "Nilishalirekebisha, na picha ikafa."

Bwana Nyamaza alitoa ile sampuli ya Jumanne, akaiweka kando ya ile mpya. Mjumbe alitazama huku, akatazama kule, akaomba bango la theluji liondolewe mezani.

Siku ya kutundika, mafundi waliposhuka ngazi, konokono alikuwa mkubwa kuliko mlango. Mkutubi alinyoosha kidole juu.

"Na hapa kwenye mbingu, mama, huu mstari umeupinda makusudi?"

"Hapana. Ndipo mkono ulipofika," alisema, akarudi nyuma hatua tatu ili autazame mstari wote.

Mdogo wake alikuwa mlangoni akimweleza mtu asiyemjua hata kidogo kwamba ndoo zote kumi alizibeba yeye. Bwana Nyamaza alifungua kinywa kumnyamazisha, kisha akamwachia aendelee.