Miti ya Mtaro na Furaha ya Fahali

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo nitaandika vile ninaongeanga. Mwaka ule wa mafuriko maji yaliacha barabara yakaingia kwangu, ukuta wa udongo ukaniangukia nikiwa kitandani. Walinichimbua kama viazi. Mguu wa kushoto haujawahi kurudi sawa.

Watu wa ofisi walikuja, wakapima, wakaenda. Basi sisi wa mtaa huu wa Lurambi tukachukua majembe. Tulichimba mtaro kutoka kwa mashine ya kusaga hadi mtoni, na ukingoni tukapanda lusiola, ule mti wa maua ya manjano, mizizi yake ishike udongo. Mbele ya mlango wangu ilikuwa tisa. Ikitoka hiyo, maji yananirudia.

Misimu miwili tu, miti ikanipita kichwa. Halafu fahali wa jirani akashinda kwenye mapigano ya mafahali huko Malinya.

Fahali akishinda kwetu hapelekwi nyumbani kimya. Ngoma za isukuti zinapigwa mbele, ng'ombe katikati, na kila mtu anapunga tawi. Wakati wa kupanda hakuna aliyefikiria hilo, na wote ni wapungaji. Walipofika kwangu waliivamia miti yangu. Mitano ilivunjwa, miwili ikang'olewa na mizizi. Mimi nilikuwa mlangoni, na ukuta ule haukuniumiza macho.

Jumapili baada ya kanisa tukakutana. Mwenyekiti wa mtaa akasema kwa upole, "Waliovunja ni vijana wa nje. Hatuwezi kuwajua."

"Mimi nawajua," nikasema. "Wa kwanza ni mwenye bucha. Wa pili ni shemeji yangu, huyu anayeangalia viatu. Wa tatu ni wewe, mwenyekiti. Wewe hata hukuvunja tawi. Uling'oa mti mzima ukaubeba kama askofu na fimbo yake."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama, hiyo ilikuwa furaha ya ng'ombe. Sasa utakataza furaha?"

"Furaha ikuje na matawi yake kutoka kwao. Wewe ukuta ulikuangukia lini?"

Mwenye fahali, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema kuanzia siku hiyo matawi yatakatwa kwa ua wa boma lake mwenyewe, na atakayegusa miti ya mtaro hatamfuata ng'ombe wake tena. Hilo liliwauma kuliko maneno yangu yote.

Kesho yake hao watatu walileta miche. Nilitoa kiti nje nikaketi.

"Shemeji, si ungetuamini tu?" shemeji akauliza.

"Niliwaamini mara ya kwanza."

Mwenyekiti alichimba shimo la kina cha bakuli. Nikamwambia achimbe tena. Akachimba.

Mvua ya mwaka huu imekuwa kubwa. Maji yalipita mtaroni yakaenda zake mtoni, sakafu yangu ikabaki kavu. Mwenyekiti akipita hunisalimia huku akiangalia miti. Mimi huitikia. Kumsamehe, bado.