Punda Milia Kwenye Kisu

Fundi wa kuchora visu hapa Tarime ananizidi uongo hata mimi, na mimi si wa mchezo. Hupaka kisu nta, huikwaruza maua kwa sindano, kisha hupitisha pamba ya maji ya chumvi yenye waya wa betri ili umeme ule chuma palipokwaruzwa, akikinong'oneza kama mtoto mgonjwa. Dhahabu ilipopamba moto, mchimbaji mmoja aliagiza kisu cha kuchinjia ng'ombe wa harusi ya bintiye. Fundi, mtu wa pwani, alisikia mnyama wa ukoo wao ni punda milia, akamchora kwa heshima.

Mchimbaji alipokuja kukichukua akapiga kelele: “Wewe! Huyu kwetu ni mwiko kumtia damu! Na wakwe wameshafika!”

Fundi akarudisha nta, akaongeza pembe. “Ng'ombe huyu, mzee wangu.”

“Ana mistari?”

“Ng'ombe wa matajiri ndivyo walivyo.”

Mzee akakitazama, akakohoa kitajiri, akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni, akaniuliza kwa huruma kama ng'ombe wangu bado ni wa rangi moja.